Mbuzi 12 na swali la aneurizimu: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Dodoma

Kichwa cha mbuzi tulikinunua Jumamosi asubuhi kwenye mnada wa Msalato, kabla moshi wa nyama choma haujatanda. Mchinjaji alituuliza kama tunakwenda kupika supu. Kijana niliyefuatana naye akamjibu, "Hapana mzee, tunakwenda kuangalia mishipa ya kichwani." Mzee akamtazama kidogo, kisha akakata shingo chini zaidi kama tulivyomwomba, ili ateri mbili kubwa za shingoni, mishipa inayopeleka damu kichwani, zibaki ndefu za kutosha kufungwa uzi.

Kijana huyo anasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimefanya kazi na mbuzi na ng'ombe wa kanda hii ya kati kwa miaka mingi, na mara kwa mara naombwa kupitia maandiko ya tafiti zinazotumia wanyama. Andiko lake lilikuwa na mbuzi 12. Alitaka kuwatengenezea aneurizimu, kisha kujaribu njia za kuiziba. Lilikuwa limeandikwa vizuri, bajeti imekaa sawa, ratiba inaeleweka. Hata hivyo nililirudisha, na kwa ruhusa yake naeleza kwa nini, maana kosa lililokuwamo nimelikuta kwenye maandiko mengi na huanza na nia njema kabisa.

Aneurizimu ya ubongo ni sehemu ya ukuta wa ateri iliyolegea ikatuna na kuwa kifuko, mara nyingi pale mshipa unapogawanyika matawi chini ya ubongo. Aliyewahi kuziba tyubu ya baiskeli anajua hali hiyo: mpira uliochoka upande mmoja, ukijaza upepo, hutokeza kinundu palepale. Takriban watu wazima 3 kati ya 100 wanacho kifuko hicho, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kujua. Kikipasuka, damu huingia kwenye nafasi yenye maji inayouzunguka ubongo. Kichwa huuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, shingo hukakamaa, mgonjwa hutapika, wengine huzimia papo hapo. Kiasi cha theluthi moja ya waliopasukiwa hufa, na wengi wanaobaki huishi na ulemavu.

Andiko halikueleza kwa nini mwanafunzi huyu alichagua ugonjwa huu. Nilimuuliza tukiwa tumekaa nje ya maabara, akanyamaza kwa muda.

"Ni mama yangu mdogo, dokta. Alikuwa kwenye zabibu Mpunguzi, msimu wa mavuno. Alisema kichwa kimempiga kisogoni kama mchi."

Walimpeleka kituo kimoja cha afya. Presha ilikuwa juu, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa za maumivu na za presha, akarudi nyumbani. Kesho yake alikuwa na nafuu, akapika. Siku ya tano alianguka uani akiwa ameshika ndoo. Walipofika hospitali kubwa na picha ya kichwa ikapigwa, damu ilikuwa imejaa. Alifariki usiku huo.

Hadithi hiyo niliiweka pembeni ya andiko na kuvisoma tena vyote viwili pamoja.

Hoja zake za kuchagua mbuzi zilikuwa za kweli. Mbuzi wapo tele Dodoma, bei yao inajulikana, ni watulivu wakizoeshwa, wanastahimili joto letu, na mshipa wao wa shingoni ni mnene, rahisi kuushona. Sungura wa maabara, alisema, mpaka uagize. Mpango wenyewe ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, angekata kipande cha vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na kukishona kama kifuko ubavuni mwa karotidi, ile ateri kubwa ya shingoni. Njia hiyo ina historia ndefu: mwaka 1954 watafiti wawili, German na Black, waliieleza kwa mbwa. Pili, angepitisha katheta, mrija mwembamba unaosukumwa ndani ya mshipa, kutoka pajani, apande nayo hadi kwenye mishipa ya ubongo wa mbuzi, aone kama vifaa vya kuzibia vinafika.

Sehemu ya pili ndiyo iliyotupeleka Msalato.

Tulisafisha mishipa ya shingo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yalipotoka meupe. Tukayeyusha gelatini, tukaitia rangi nyekundu, tukaisukuma kwa bomba la sindano polepole kupitia karotidi zote mbili, tukafunga uzi, tukaweka kichwa kwenye friji hadi siku ya pili. Asubuhi nikakata fuvu kwa msumeno, nikainua ubongo taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chini yake, pembeni mwa tezi ya pituitari, kulia na kushoto, palikuwa na kitu ambacho kijana hakukitarajia: badala ya mrija mmoja mwekundu unaopanda kuelekea ubongoni, donge la vimishipa vyembamba mno, vimesukwa kama uzi uliochanganyikana, vyote vimejaa rangi.

Alichukua waya mwembamba niliompa, mwembamba kuliko katheta yoyote aliyoiandika kwenye bajeti, akajaribu kuupitisha. Alijaribu kushoto, akajaribu kulia. Mara ya tatu akauweka mezani.

Donge hilo linaitwa rete, yaani wavu. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe wanao. Kwa mbuzi na kondoo waliokomaa, sehemu ya ateri ya ndani ya karotidi inayotoka shingoni hadi kwenye fuvu hufifia na kuziba, kwa hiyo damu huzunguka kupitia matawi ya ateri ya taya, inaingia kwenye wavu huu, ndipo inakusanyika tena na kwenda ubongoni. Wavu umelala ndani ya vena zinazoleta damu iliyopoa kutoka puani. Hapo damu ya moto ya ateri hupoa kabla ya kugusa ubongo. Ndiyo sababu mojawapo mbuzi anaweza kusimama juani Bahi saa nane mchana na kichwa chake kikabaki salama. Naupenda sana mpango huo wa mwili wa mbuzi, lakini kwa anayetaka kufika kwenye mishipa ya ubongo kwa katheta, njia imefungwa. Binadamu hana wavu huo. Karotidi yake ya ndani hupanda moja kwa moja.

Hapa inafaa nikumbushe kwamba wavu huu umewahi kupotosha watu wakubwa kuliko sisi. Galen, tabibu wa karne ya 2, alipasua wanyama, akauona, akaandika kuwa binadamu naye anao, na akaupa kazi kubwa ya kutengeneza nguvu za roho. Waganga wa Ulaya walilifundisha hilo kwa zaidi ya miaka 1,300. Mwaka 1543 Vesalius, aliyekuwa akipasua maiti za watu, akaandika wazi kwamba kwa binadamu haupo. Mnyama alikuwa amesema ukweli kuhusu mwili wake; walioukosea walikuwa wale waliomsemea binadamu kupitia yeye.

Kijana aliuliza swali zuri: "Basi dokta, nikiacha katheta ya ubongoni, si nabaki na kifuko cha shingoni? Hicho hakihitaji kupita kwenye wavu."

Ni kweli, hakihitaji. Na hapa ndipo jambo linapokuwa na utamu wake, kwa sababu kifuko cha ubavuni kimefanya kazi kubwa na kimedanganya pia.

Chukua nguruwe. Daktari Guido Guglielmi alipobuni koili laini za platinamu, yaani nyuzi za chuma zinazojikunja na kujaza kifuko, zinazoachanishwa na waya wake kwa mkondo mdogo wa umeme, alizijaribu kwenye vifuko vilivyoshonwa shingoni mwa nguruwe. Maswali yake yalikuwa ya kifundi: koili inapita? Inajikunja ndani ya kifuko bila kukitoboa? Inaachana na waya pale daktari anapotaka? Nguruwe akajibu vizuri. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, Marekani ikaziidhinisha mwaka 1995, na mwaka 2002 majaribio ya ISAT yenye wagonjwa 2,143 waliopasukiwa yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa waliowekewa koili na asilimia 30.6 kwa waliofunguliwa fuvu na kubanwa kifuko kwa klipu. Hayo ni maisha ya watu, na nguruwe alikuwa na sehemu yake katika kuyaokoa.

Ila muulize nguruwe huyohuyo kama kifuko kilichojazwa koili kitaendelea kuziba kwa miaka, atakupa matumaini ya uongo. Damu ya nguruwe huganda upesi na kidonda chake hufunga upesi. Kifuko kilichoshonwa ubavuni mwa mshipa wake huweza kuziba chenyewe hata bila koili, kwa sababu damu haikipigi moja kwa moja. Hupita mlangoni kama maji ya mtaro yanavyopita kando ya shimo. Kwa binadamu, kifuko kiko kwenye njia panda ya mshipa, damu inakigonga kila mpigo, na koili husukumwa zikashikana upande mmoja, kifuko kikafunguka tena. Baadaye zilitengenezwa koili zilizopakwa vitu vya kuharakisha kovu. Kwa nguruwe zilionekana kushinda waziwazi. Zilipofika kwa wagonjwa, ushindi ule haukuonekana.

Mbwa ana sifa tofauti: kifuko chake hubaki wazi kwa muda mrefu, hasa kikijengwa kwenye njia panda ya mishipa. Ni mgumu zaidi kumdanganya mtafiti. Lakini upasuaji wake ni mrefu, na nasema bila kuficha kwamba mimi mwenyewe hunipa shida kumlaza mbwa kwa kazi hii kama kuna njia nyingine.

Sungura ndiye aliyechukua nafasi kubwa tangu miaka ya 1990, na nilitaka kijana aelewe kwa nini, asije akadhani ni suala la udogo wake tu. Daktari hufungua shingo upande wa kulia, huziba karotidi kuu kwenye shina lake kwa puto dogo, na ndani ya kipande hicho kilichofungwa huweka elastezi, kimeng'enya kinachoyeyusha nyuzi zinazoupa mshipa mnyumbuko. Hukaa nayo kama dakika 20. Kisha puto hutolewa, mshipa hufungwa kwa juu, na kisiki kinachobaki, sasa kimelegea, hupigwa na damu kutoka mshipa mkubwa uliopinda chini yake. Baada ya wiki 3 hivi pana kifuko chenye upana wa milimita chache, saizi ile ile tunayoikuta kwa watu wengi. Hakuna uzi wa mshono mlangoni unaovutia kovu. Mgando wa damu ya sungura unakaribia wa kwetu, na karotidi yake yenye takriban milimita 2 inalingana na mishipa ya ubongo wa binadamu. Ukiweka koili, hupona kwa shida kama kwa mtu, na ugumu huo wa kupona ndio tunaoutaka. Zile stenti, mirija midogo ya nyuzi za chuma inayowekwa ndani ya mshipa, zenye matundu madogo sana zinazogeuza mkondo wa damu ili kifuko kife chenyewe, ambazo Marekani iliziruhusu mwaka 2011, zilipimwa hapa, na pia ndani ya aota, ateri kuu ya mwili wa sungura, ili kuona kama vijitawi vinavyotoka ubavuni vitabaki wazi.

Hata hivyo kifuko cha sungura kipo chini ya shingo, kimezungukwa na nyama. Ateri ya ubongo ya binadamu inaelea kwenye maji, ukuta wake ni mwembamba na hauna ule utando wa nje wa mnyumbuko ambao mishipa ya shingo inao. Na kifuko cha sungura hakipasuki kirahisi. Kwa hiyo ukitaka kujua kifaa kinafanyaje, sungura anafaa. Ukitaka kujua kwa nini kifuko hupasuka, hana la kukwambia.

Hilo la mwisho huulizwa kwa panya. Mwaka 1978 Hashimoto na wenzake huko Japani waliwapa panya wa aina kubwa chumvi nyingi, wakawapandisha presha, wakafunga karotidi moja ili mkondo uelemee upande wa pili, na wakaongeza kemikali inayozuia nyuzi za ukuta wa mshipa kushikana. Vifuko vikaota ubongoni vyenyewe, bila mkono wa mtu kushona chochote. Mwaka 2009 ikaja njia ya panya wa aina ndogo: elastezi kidogo kwenye maji ya ubongo pamoja na kupandishwa presha. Hawa vifuko vyao huota na hupasuka. Ni kwao tumeona jinsi chembe za kinga zinazoleta uvimbe, hasa zile zinazomeza uchafu, zinavyoula ukuta. Jinsi panya jike aliyeondolewa ovari anavyokuwa hatarini zaidi. Na kwamba kuishusha presha baada ya kifuko kuota kunapunguza kupasuka. Koili huwezi kuipitisha kwenye mshipa wa panya mdogo. Haingii.

Basi tukarudi kwenye andiko. Nilimwambia aliweke chini, asilisome.

"Niambie kwa mdomo wako. Unataka kujua nini?"

Akaanza na koili. Nikamuuliza ni koili ipi mpya anayo ambayo haijapimwa. Hana. Akahamia kwenye stenti. Hata hiyo hana. Akasema labda kwa nini vifuko hupasuka. Nikamuuliza mbuzi wake atapasukiwa lini. Akacheka kwa uchungu, akafuta uso.

"Nataka kujua kwa nini mama mdogo hakupona."

Swali hilo lina majibu yanayojulikana kwa sehemu. Kichwa kile cha kwanza, kilichompiga ghafla kule shambani, kinalingana kabisa na mvujo mdogo unaotangulia mpasuko mkubwa. Kifuko kilichovuja huwa katika hatari kubwa kuliko yote ndani ya saa 24 za mwanzo, na hatari hiyo huendelea kwa wiki kadhaa mpaka kizibwe. CT scan ikipigwa ndani ya saa 6 tangu kichwa kianze, mara chache sana hukosa damu. Kadiri siku zinavyokwenda damu hufifia kwenye picha, na baada ya wiki moja inaweza kukosekana kwa takriban nusu ya wagonjwa, ndipo hulazimu kupima maji ya uti wa mgongo. Mama mdogo alipata nafuu kesho yake, na nafuu ile ndiyo iliyomponza. Katika siku zile tano hakuna mahali ambapo koili bora zaidi ingemsaidia, kwa sababu hakuna aliyejua kuna kitu cha kuziba.

Mbuzi 12 wangefunguliwa shingo, wangeuguzwa wiki kadhaa, wangechinjwa, na swali hilo lingebaki lilivyo. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inagusa pia wanyama wa utafiti, na kanuni ambayo wanasayansi Russell na Burch waliiandika mwaka 1959 bado ndiyo tunayoitumia mezani: mbadilishe mnyama kwa njia nyingine ikiwezekana, mpunguze idadi, mboreshee hali. Hapa ya kwanza ilitosha. Idadi iliyohitajika ilikuwa sifuri.

Sikumwambia aachane na wanyama maisha yake yote. Siku mahali petu patakapokuwa na mashine ya eksirei ya kufuatilia katheta, mnyororo baridi wa kutunzia elastezi, mtu wa usingizi aliyezoea sungura, na daktari wa mishipa mwenye kifaa kinachohitaji kupimwa, nitakuwa wa kwanza kusaini. Hata mbuzi ana kazi yake: kichwa kile cha Msalato tumekihifadhi, na wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wameshakitumia kujifunza rete. Ila kwa andiko hili, njia ilikuwa chumba cha mafaili.

Aliandika upya kwa wiki 6. Sasa anapitia kumbukumbu za wagonjwa waliokuja na maumivu ya kichwa ya ghafla na baadaye wakaonekana na damu kuzunguka ubongo: walianzia wapi, walipimwa nini kwanza, waliambiwa nini, walichukua muda gani kufika kwenye picha. Kamati ya maadili ilimruhusu kwa sharti kwamba majina yasiingie kwenye daftari lake.

Nilimtembelea siku ya tatu ya kazi. Alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya makabati, daftari mapajani. Safu ya kwanza ameiandika "saa kichwa kilipoanza", ya pili "saa ya CT". Faili alilokuwa ameshika lilikuwa na saa ya CT, dakika zake, hata jina la aliyepiga limefichwa kwa karatasi kama tulivyokubaliana. Kwenye nafasi ya saa kichwa kilipoanza palikuwa na maneno mawili tu ya aliyempokea mgonjwa: "siku nne". Aliyanakili kama yalivyo, akachukua faili linalofuata.